GPS ya gari imekufa? Namna ya kupata nyingine bila kupoteza ulivyovizoea

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye bado anahitaji kifaa cha ramani kinachojitegemea garini: dereva wa watalii, afisa wa mradi anayezunguka vijijini, msambazaji wa dawa, au yeyote anayepita sehemu ambazo mtandao wa simu unapotea kwa saa nzima. Wengi wa watu hawa wana Garmin nüvi ya miaka mingi. Jina hilo liliingia sokoni 2005, na kuanzia 2016 nafasi yake ikachukuliwa na Drive na DriveSmart, kwa hiyo huwezi tena kuingia dukani ukaomba ile ile lakini mpya. Vinafanana kwa nje. Kwa ndani kuna vitu vimeongezwa ambavyo huenda huvihitaji, na vingine vimeondolewa bila mtu kukuambia. Lililo muhimu ni kujua unatumia nini kabla muuzaji hajaanza kukuonyesha anachotaka kuuza yeye.

Nitatolea mfano Garmin zaidi kwa sababu ndiyo niliyoiona kwenye magari mengi ya safari huku kwetu. Mwenye TomTom nitamgusia njiani.

Hatua ya 1: Usikitupe cha zamani, kichomoe faili kwanza

Skrini ikipasuka au ikigoma kuguswa, watu hudhani kila kitu kimekwenda. Mara nyingi si hivyo. Chomeka kifaa kwenye kompyuta kwa waya wa USB unaopitisha data, si ule wa chaji tu. Hata kama skrini ni nyeusi, kompyuta inaweza kukiona kama inavyoona flashi. Kama betri ya ndani imekufa, umeme wa USB mara nyingi unatosha kukiwasha. Isipokuwa betri ikiwa imevimba: hapo usichaji kabisa, mpelekee fundi aitoe kwanza.

Ndani yake utaona folda inayoitwa Garmin, na ndani ya hiyo kuna folda ya GPX. Faili unayoitafuta ni Current.gpx. Humo ndimo zilimo pointi zote ulizohifadhi: kambi, visima, geti la nyuma la hifadhi, nyumba ya fundi wa Karatu anayefungua hata saa nne usiku. Nakili folda nzima ya GPX. Kisha angalia folda ya POI, yaani orodha za maeneo zilizowekwa kutoka nje, kwa sababu kama kuna mtu aliwahi kukuwekea orodha ya hoteli au vituo vya mafuta, itakuwa huko kwenye faili zinazoishia na .gpi. Faili hizo hazifunguki kirahisi ukataka kuzihariri, kwa hiyo mtafute aliyekuwekea akupe orodha ya awali kama bado anayo.

Weka nakala sehemu mbili. Moja kwenye kompyuta, nyingine jitumie mwenyewe kwa barua pepe au WhatsApp. Faili za GPX ni maandishi matupu na ni nyepesi sana, hazitakula bando.

Mwenye TomTom ya miaka ya karibuni aingie kwenye akaunti yake ya MyDrive na kuhakikisha maeneo yake yamehifadhiwa humo. Zile za zamani zaidi zina faili za .ov2, ambazo Garmin haizisomi. Iko programu ya bure ya kompyuta inaitwa GPSBabel inayogeuza aina hiyo ya faili kuwa GPX, na hata kinyume chake.

Kabla ya kufunga, hesabu pointi zako na uandike idadi yake. Utaihitaji baadaye.

Hatua ya 2: Andika unachokitumia, si kilichomo

Chukua karatasi, au notisi za simu, na kwa wiki moja ya kazi andika kila mara unapokigusa kifaa: ulibonyeza nini, ulitaka kujua nini. Kama kimeshakufa, kumbuka safari yako ya mwisho hatua kwa hatua. Orodha itakuwa fupi kuliko unavyofikiri, na ndiyo itakayokuokoa dukani. Haya ndiyo ninayoona yanakosekana zaidi watu wanapobadilisha.

Kuingiza namba za mahali. Huku kwetu anwani za nyumba na mitaa hazitusaidii sana porini. Mteja anakutumia latitudo na longitudo. Hakikisha kifaa kipya kinakubali namba hizo, na kwamba unaweza kubadilisha mtindo wake. Simu nyingi hutoa mtindo wa desimali, mfano -3.3869, 36.6830, ambapo ni Arusha mjini. Garmin ikitoka kiwandani kwa kawaida huonyesha digrii na dakika: S 03°23.214', E 036°40.980'. Dereva akiisoma 3.3869 kama digrii 3 na dakika 38.69, anakwenda kilomita karibu 28 kusini ya anakotakiwa. Ni kosa la mtindo tu, na kubadilisha mpangilio mara moja kunalimaliza.

Kwenda moja kwa moja bila barabara. Ukiwa kwenye uwanda ambao ramani haina njia yoyote, unataka mshale na umbali tu. Kwenye nüvi nyingi hiyo ilikuwa chaguo la kupita nje ya barabara. Kwenye vipya inaweza kuwa na jina lingine, la mstari mnyoofu. Wakati huo huo angalia kama lipo chaguo la njia fupi kwa umbali. Lilikuwepo kwenye vifaa vya zamani, na watu walilizoea. Usidhani tu utalikuta kwenye kipya. Sina huzuni nalo sana, maana ndilo linalowapeleka wageni kwenye vijia vya ng'ombe, lakini kama wewe unalitumia, lijaribu.

Betri. nüvi nyingi zilikaa saa kadhaa bila waya, na kuna watu walizoea kutoka nazo garini, wakatembea nazo hadi kwenye kisima au shamba. Garmin DriveSmart 55 na 65 zinatangazwa kukaa hadi saa moja tu. Kama unatembea na kifaa chako kwa miguu, nunua GPS ya mkononi pembeni, au hamishia kazi hiyo kwenye simu.

Kipimo cha mwendo. Hili wengi hawaliandiki kwa sababu hawajui kwamba wanalitumia. Spidi mita ya dashibodi kwa kawaida imetengenezwa isome juu kidogo ya mwendo halisi. Lakini gari la safari lililofungwa matairi makubwa kuliko ya kiwandani linaweza kusoma chini. Unaona 50, trafiki mwenye tochi anaona 56. GPS inasoma mwendo halisi wa gari bila kujali matairi, ndiyo maana madereva wengi wa Land Cruiser hutupia jicho GPS na si dashibodi wakifika kwenye kibao cha 50. Kipya kionyeshe mwendo huo kwa tarakimu kubwa kwenye ukurasa wa ramani wenyewe, si ndani ya menyu.

Sauti. Kuna sauti za aina mbili: iliyorekodiwa, inayosema geuka kushoto baada ya mita 300 na kunyamaza, na ile ya kompyuta inayosoma pia majina ya barabara. Ya pili inaonekana ya kisasa, hadi utakapoisikia ikitamka Ngaramtoni au Oldonyo Sambu kwa ulimi wa Kiingereza mbele ya abiria. Kama ulizoea ile tulivu, hakikisha bado imo kwenye orodha ya sauti.

Halafu kuna vitu vya zamani ambavyo havirudi: kucheza muziki wa MP3, kurusha sauti kwenye redio ya gari kwa FM, kibadilisha fedha. Simu imevichukua vyote. Viache viende.

Hatua ya 3: Amua kwanza kama ni kifaa, simu, au redio ya Android

Simu ina faida moja ambayo kifaa hakitaifikia: foleni. Google wanajua Ubungo imefunga kwa sababu simu za watu waliokwama pale zinawaambia. Kifaa chenye herufi ya foleni kwenye jina lake, kama T ya Garmin, kinapata taarifa hizo kwa njia ya redio au kupitia simu, na huduma hiyo inafanya kazi kwenye nchi zilizoorodheshwa tu. Kama nchi yako haimo kwenye orodha hiyo, umelipia antena.

Kuna dhana kwamba GPS ya simu inahitaji bando. Haihitaji. Setilaiti hazitozi kitu. Kinachohitaji bando ni kupakua ramani, na hiyo unaweza kuifanya nyumbani kwa WiFi. Google Maps inakuruhusu kuhifadhi eneo, ila ramani hiyo huisha muda isiposasishwa. Organic Maps na OsmAnd zinapakua nchi nzima na zinapokea faili za GPX, kwa hiyo pointi zako za hatua ya 1 zinaingia humo bila kuandikwa upya. OsmAnd ina mipangilio mingi hadi inachosha, lakini ndiyo inayokaribia zaidi mtu aliyezoea nüvi.

Tatizo la simu ni joto. Simu iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele saa saba mchana, inachaji huku inaonyesha ramani, itapunguza mwanga wa skrini au itajizima. Pia inaita. Dereva anayepigiwa simu na ofisi kila dakika kumi hawezi kuona kona iliyo mbele.

Redio ya Android inayokaa mahali pa redio ya gari inapendeza machoni, na mafundi wa Kariakoo au Nairobi wataifunga kwa nusu siku. Magari yetu ya Japani yanatuvuta huko, kwa sababu navi iliyokuja nayo ina ramani ya Japani peke yake, redio inayoishia FM 90 au karibu na hapo, na dada anayekukumbusha kwa Kijapani kila asubuhi kwamba hujaweka kadi ya ETC. Dada huyo, kwa taarifa yako, kwa kawaida hatoki kwenye navi. Anatoka kwenye kisanduku kingine cha malipo ya barabara, na utabadilisha redio na bado ataendelea kusema mpaka fundi akichomoe hicho. Ukienda njia hii, mwulize fundi maswali matatu kabla hajafungua dashibodi. Je, redio ni ya upana wa milimita 200 wa Toyota, au ni ya kawaida ya 178 itakayoacha nafasi pembeni? Vitufe vya usukani vitafanya kazi? Na kamera ya nyuma ya kiwandani inatumia volti ngapi? Kamera kadhaa za Toyota zinatumia volti 6, na fundi akiziunganisha kwenye 12 zinaungua.

Maoni yangu: kwa anayeshinda mjini, simu inatosha kabisa, asitumie fedha. Kwa anayelala porini, kifaa cha pekee chenye skrini ya inchi 6 au 7, na simu iwe ya akiba na ya foleni. Redio ya Android ningeiweka ya mwisho kwa kazi ya porini, kwa sababu ikigoma huwezi kuitoa ukaiweka nyingine ukiwa Lobo, ndani ya Serengeti.

Hatua ya 4: Ramani kwanza, kifaa baadaye

Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha zaidi. Kifaa kilichouzwa Marekani kinakuja na ramani za Amerika Kaskazini, cha Uingereza kina Ulaya, na cha Afrika Kusini kina ramani za kusini mwa Afrika. Shemeji yako wa London akikuletea DriveSmart nzuri kwa bei ya punguzo, ndani yake Dodoma inaweza kuwa nukta pembeni ya mstari mmoja. Na ramani za maisha zilizoahidiwa kwenye boksi ni za eneo lile lile lililokuja na kifaa.

Neno maisha lenyewe lisikudanganye. Ni maisha ya kifaa, kwa jinsi kampuni inavyoyahesabu. Januari 2018 TomTom walitangaza kwamba baadhi ya vifaa vyao vya zamani havitapata tena ramani mpya, vikiwemo vilivyouzwa na ahadi hiyo, kwa sababu havikuwa na uwezo wa kubeba ramani zinazozidi kukua. Kwenye Garmin za zamani ahadi hiyo iliandikwa kwa herufi mwishoni mwa namba ya modeli: LM ni ramani za maisha, T ikiongezwa ni foleni. Ukikuta nüvi ya mtumba isiyo na LM, ramani utainunua au utaiweka mwenyewe.

Kuiweka mwenyewe ndiyo njia inayofaa kwa wengi wetu. Ziko ramani za OpenStreetMap zilizotayarishwa kwa ajili ya Garmin, bure. Tovuti ya BBBike kwa mfano inakuwezesha kuchora mraba juu ya eneo unalolitaka na kupokea faili lake. Njia ya uhakika ni faili liitwe gmapsupp.img na liwe ndani ya folda inayoitwa Garmin kwenye kadi ya microSD iliyofomatiwa kwa FAT32. FAT32 haikubali faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo usijaribu kuingiza Afrika nzima. Kwa hiyo basi: usinunue kifaa kisicho na tundu la microSD. Kwangu hili ni sharti, hata kama vingine vyote vimekaa sawa.

OpenStreetMap inachorwa na watu wa kujitolea, na ubora wake unategemea nani alipita wapi. Dar es Salaam ina maelezo ya kina kwa sababu ya Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora kata zinazokumbwa na mafuriko hadi mitaro. Wilaya nyingine zina barabara kuu na majina machache. Kwa hifadhi na njia za mbali, madereva wengi hununua ramani ya Tracks4Africa, inayotokana na nyayo za GPS za wasafiri wenyewe na kuuzwa ikiwa kwenye kadi yake. Ukiwa nayo tayari, ulizia kama kadi yako itasomwa na modeli unayoikusudia kabla ya kulipa.

Sasa jinsi ya kujua ramani ni ya lini. Usiamini maandishi ya kwenye boksi. Tafuta madaraja. Mwambie muuzaji awashe kifaa, kisha upange njia hizi bila kutoka dukani:

Mwanza hadi Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Kifaa kikikupakia kwenye kivuko cha Kigongo, ramani ni ya kabla ya hapo.

Masaki hadi katikati ya mji wa Dar. Daraja la Tanzanite lilifunguliwa 2022. Kama bahari pale hospitali ya Aga Khan ni bluu tupu bila mstari, ramani ni ya kabla ya hapo.

Posta hadi Kigamboni ukiwa umezuia vivuko. Daraja la Nyerere ni la 2016. Kifaa kisicholijua ni cha makumbusho.

Dar hadi Segera. Ramani ya siku nyingi haiijui njia ya lami ya Bagamoyo–Msata na itakuzungusha Chalinze hata ukitokea Bunju.

Kwa Nairobi, uliza uwanja wa ndege wa JKIA hadi Westlands na uone kama inaijua barabara ya juu, Nairobi Expressway, ya 2022. Kwa Uganda, tazama daraja jipya la Jinja la 2018.

Daraja moja likikosekana si mwisho wa dunia kama kadi yako ya OpenStreetMap inalo. Lakini kama kifaa kinauzwa kwa bei ya kipya na hakilijui la Nyerere, umeshapata hoja ya kupunguziwa bei.

Hatua ya 5: Dukani, au mbele ya muuzaji wa mtumba

Nenda na karatasi yako ya hatua ya 2 na kadi ya microSD yenye ramani yako. Usianze na skrini. Fanya kila jambo lililo kwenye orodha, kwa mkono wako mwenyewe, na uhesabu unabonyeza mara ngapi kulifikia. Kitu kilichokuwa mbonyezo mmoja kwenye nüvi na sasa kimezikwa chini ya menyu tano, kwa dereva aliye kwenye mwendo, hakipo.

Skrini iangalie nje, juani, si chini ya taa za duka. nüvi nyingi zilikuwa na skrini laini isiyong'aa, iliyokubali hata kidole chenye vumbi au glavu. Nyingi za sasa ni za kioo kama simu: zinapendeza, zinaitikia upesi, na zinaakisi jua. Hakuna la kufanya kuhusu hilo zaidi ya kujua mapema kwamba utalazimika kuinamisha kifaa kidogo.

Kwa mtumba kuna jaribio moja linalofichua mengi. Kipeleke nje, kisubiri kipate setilaiti, kisha tazama tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu wiki kwa namba inayoishia 1023 na kurudi sifuri. Ilirudi Agosti 1999 na tena Aprili 2019. Kifaa ambacho programu yake haikusasishwa kinaweza kuonyesha tarehe ya nyuma kwa wiki 1024, yaani miaka karibu ishirini. Ramani inaweza kuendelea kukuongoza, lakini muda wa kufika na kubadilika kwa skrini usiku na mchana vitavurugika. Muulize muuzaji akisasishe mbele yako. Akikataa, ondoka.

Usiogope kikichukua muda kupata setilaiti mara ya kwanza. Kilichotoka bara lingine hakijui kilipo, na orodha kamili ya setilaiti inachukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Kiache mahali wazi, mbali na maghorofa, kwa robo saa. Ukikizungusha mtaani kwa haraka utakichelewesha.

Hatua ya 6: Waya na kishikio

Fupi, lakini huumiza. Tundu la umeme limebadilika kutoka mini-USB hadi micro-USB na sasa USB-C, kwa hiyo waya uliopitishwa ndani ya dashibodi miaka ile hautafaa. Usikate na kuunga. Tena ukiweka waya wa kawaida wa kompyuta kwenye baadhi ya Garmin za zamani, kifaa hudhani kimeunganishwa na kompyuta na kuonyesha picha ya kompyuta badala ya ramani. Wengi wamekitupa kifaa kizima kwa sababu ya hilo. Tumia waya wa gari uliokuja nacho. Kama gari lako ni la volti 24, soma maandishi madogo kwenye plagi kabla hujaichomeka.

Kishikio cha kioo huenda kikafaa bado. Garmin nyingi zimebaki na kichwa cha duara kama mpira mdogo, cha milimita 17. Pima cha zamani kabla hujanunua kingine.

Hatua ya 7: Hamisha pointi, kisha uzihesabu

Unganisha kifaa kipya na kompyuta. Vipya havionekani tena kama flashi bali kama simu, na kompyuta za Mac zinahitaji programu ya ziada kuviona. Kompyuta ya Windows itakurahisishia. Lipe faili lako jina lingine, mfano kambi.gpx, uliweke kwenye folda ya GPX ya kifaa kipya, kisha ukiwashe na ukubali kuziingiza. Usiliandike juu ya Current.gpx ya kifaa kipya.

Linganisha idadi na ile uliyoiandika hatua ya 1. Vifaa vina ukomo wa idadi ya pointi, na zinazozidi hazitakupigia kelele zikiachwa nje. Alama na makundi uliyoyapanga yanaweza kupotea hata kama pointi zimefika. Majina ndiyo hubaki, kwa hiyo ni vizuri jina lijieleze. "Kambi 3" haitakusaidia mwakani.

Kama orodha ni kubwa, iweke kama POI badala ya maeneo unayoyapenda, kwa kutumia programu ya Garmin iitwayo POI Loader. Inasoma GPX na pia jedwali la CSV, na inaweza kukupigia kengele ukikaribia pointi: wengine huitumia kwa matuta yasiyo na alama na madaraja mabovu. Chunga jambo moja. Kwenye CSV hiyo longitudo hutangulia, kisha latitudo, kisha jina. Ukizigeuza, kambi yako ya Arusha itaangukia baharini nje kidogo ya pwani ya kusini mwa Hispania.

Ukiwa na kadi ya ramani pamoja na ramani iliyokuja na kifaa kwa eneo lile lile, ingia kwenye mipangilio ya ramani, sehemu ya myMaps, uzime mojawapo. Zikiwa zimewashwa zote, moja hufunika nyingine, na barabara zilizokufanya utafute kadi hutaziona.

Hatua ya 8: Viende pamoja kwa safari moja

Kama cha zamani bado kinawaka, hata kwa kusuasua, kifunge pamoja na kipya kwenye njia unayoijua kwa kichwa. Usichague njia ngumu. Chagua ya kila siku. Zima ushauri wa sauti kwenye kimoja usije ukachanganyikiwa. Unaangalia mambo machache: kipya kinakuonya mapema kiasi gani kabla ya kona, kinakurudishaje ukipitiliza, na kinachukua muda gani kupata setilaiti ukitoka chini ya miti au gereji. Kama kinakupeleka kwenye barabara za vumbi usizozitaka, zuia barabara zisizo na lami, halafu kumbuka kuondoa zuio hilo kabla ya kuingia hifadhini, vinginevyo kitakuzungusha kilomita mia au kitakataa kukupa njia.

Ukisharidhika na unataka kumpa mtu kile cha zamani au kukiuza, futa kwanza historia ya safari, pointi zako na hasa ile ya Nyumbani, kisha ukirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani. Toa kadi ya microSD pia. Mtu anayenunua GPS ya mtumba hapaswi kupata pamoja nayo njia ya kufika kwako.